Grisi ya Kurudishia Bunduki

Mathilde aliliweka kopo la grisi ukingoni mwa meza, mbali na ile bunduki kadiri meza ilivyoruhusu, akarudi nyuma kama mtu anayemwekea chakula mbwa asiyemwamini.

"Njo ya mwisho hii, papa," akasema. "Sitatafuta tena ingine."

Papa Élisée alilivuta kopo kwake. Alivaa miwani, akafungua kopo, akachota grisi kidogo kwa ncha ya kidole, akaisugua, akainusa, kisha akakielekeza kidole dirishani kutafuta mwanga, na mwanga wa Ganshoren, pembeni mwa Brussels, mwezi wa Novemba nao ni wa kuombwa. Mathilde alisubiri na koti lake mwilini. Mgongo ulikuwa unamwaka moto. Jibu alilijua kabla halijatoka.

"Hapana," mzee akasema. "Hii ni ya milango."

"Ya milango namna gani?"

"Ya milango ya garage. Angalia: iko nyeupe, iko laini, bon. Leo itateleza muzuri. Kiisha mwaka moja inakauka, inabakia sawa chokaa. Bunduki inakaaka mu armoire miaka na miaka, maman Mathilde. Haiko mulango."

"Na ile nyeusi ya wiki ilipita?"

"Ile ilikuwa ya camion, ya malori. Inaachaka weusi ku kitambaa. Magasinier akiona weusi, anasema silaha ni chafu, anakurudisha."

Mathilde alitaka kumwambia kwamba huyo magasinier, mtunza ghala wa kambi, alikwisha kufa zamani na ghala lake limeota majani. Hakusema. Alikuwa amechoka, na uchovu wa namna ile humfanya mtu aweke akiba hata ya maneno. Akavua koti, akaenda kuwasha maji ya kumwogeshea.

Mambo yalikuwa hivi. Papa Élisée, mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka themanini na kitu, mjane, aliishi ghorofa ya pili katika nyumba isiyo na lifti. Mathilde alitoka Bukavu, na kazi yake ilikuwa kuja asubuhi na jioni kumwogesha, kumvisha, kumpikia na kumshusha ngazi siku za daktari. Mwezi uliopita mzee aliteleza akitoka bafuni, Mathilde akamdaka, wakaenda chini wote wawili. Mzee aliamka na mchubuko. Mathilde aliamka na mgongo ambao tangu siku hiyo si wake tena. Daktari wake alimkataza kubeba mtu, naye akacheka palepale mbele ya daktari, maana angeacha kubeba, nani angebeba? Laetitia, binti pekee wa mzee, yuko Montréal. Kutoka Montréal humbebi mtu.

Laetitia hata hivyo alikuwa ametafuta, akapata chumba katika nyumba ya wazee, karibu tu, chenye kitanda kinachopanda na kushuka chenyewe. Mkurugenzi alikubali kukishikilia mpaka Jumamosi, basi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mzee naye alikubali, kwa sharti moja. Bunduki haikuruhusiwa kule, kwa hiyo ilipasa kurudishwa kwanza, na silaha hairudishwi hivi hivi. Hurudishwa imesafishwa na kupakwa grisi inayostahili, kama alivyofundishwa kambini alipokuwa askari wakati wa Wabelgiji, kabla ya uhuru. Wa kuipokea alikuwa amepatikana: Monsieur Jean-Pierre, mstaafu mwenye mkusanyo wa silaha kuukuu ambazo huwaonyesha watoto wa shule. Angekuja Jumamosi asubuhi. Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mzee amekataa grisi nyingine. Kwa kifupi, asiporidhika, harudishi, na asiporudisha, haondoki, na asipoondoka, atakayelipa ni mgongo wa Mathilde.

Bunduki yenyewe haikuweza kuua hata nzi. Ilikuwa ya Kibelgiji, ya zamani, ya aina ile ambayo ukishapiga risasi moja inajipakia yenyewe inayofuata. Mzee aliinunua miaka mingi nyuma kwenye soko la vitu vikuukuu kule Marolles, na karatasi zake halali, mtutu umezibwa kwa chuma. Walioiziba waliiziba enzi zile ambapo mtutu ulitosha, mashine ikaachwa icheze. Haikuwa ile aliyoibeba ujanani. Ilikuwa ndugu yake, kama alivyopenda kusema.

Mathilde hakuwahi kuigusa. Alifuta vumbi la kabati kwa kuizunguka. Mzee alijua sababu, wala hakuuliza mara mbili. Mume wa Mathilde, Héritier, aliuawa kwa bunduki mlangoni pao, Bukavu, mwaka ambao wenye silaha waliingia mjini na kupita nyumba kwa nyumba. Walibisha hodi. Héritier akaenda kuwafungulia kwa adabu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na risasi zikatoka mfululizo, hakuna iliyosita. Hilo la hodi ndilo lililomkera Mathilde mpaka leo, kuliko hata kifo chenyewe. Na sasa, mjini Brussels, kati ya kazi zote za dunia, yeye ndiye wa kutafutia bunduki grisi! Kama kuna anayepanga mambo haya huko juu, basi naye ana utani mbaya.

Alimaliza kumvisha mzee, akamkalisha kwenye kiti chake kando ya radieta iliyopasha chumba joto, akapiga moyo konde. Alikwenda kuuliza panapouzwa bunduki zenyewe.

Duka la bunduki lilikuwa kwenye mtaa wa kawaida, kati ya duka la mikate na la miwani, jambo lililomshangaza, kwani alidhani patakuwa na ukuta na walinzi. Alisimama nje muda, mikono mifukoni, akisoma vibao vya mikate. Halafu akaingia akiwa amevaa koti juu ya sare yake ya kazi. Nyuma ya kaunta alikaa msichana mwenye kipini puani, na msichana huyo alimsikiliza bila kucheka, kitu ambacho Mathilde alimshukuru moyoni.

"Ni ya zamani, inayojipakia yenyewe kwa gesi?" msichana akauliza kwa Kifaransa. "Basi ni rahisi, madame. Panapoteleza chuma juu ya chuma, paka grisi, kidogo tu. Panapozunguka, tone la mafuta. Ila pistoni iache kavu kabisa, kwa sababu gesi inachoma grisi inakuwa masizi, na bunduki itakwama."

Mathilde alirudia maneno yale kimoyomoyo kama maelezo ya dawa ya mgonjwa: panapoteleza, panapozunguka, pistoni kavu. Akapewa kitubu kidogo, kama cha dawa ya meno, chenye grisi ya kahawia, safi, isiyonuka. Ndiyo watu wote wanayonunua, msichana alisema, kwa bunduki za babu zao.

Kutoka hapo alipanda metro hadi Porte de Namur, akaingia Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongomani. Huko hakutumwa na mtu. Ilikuwa siku ya mwisho ya mzee kula kwake, naye Mathilde alikuwa ameamua kumpikia sombe ya kweli, ile mboga ya majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese. Tangu moyo wa mzee ulipoanza kusumbua, Laetitia alikuwa amepiga marufuku mawese nyumbani mle, na Mathilde alikuwa ametii kwa miaka, akipika sombe ya mafuta ya alizeti, kitu ambacho mzee alikila shingo upande akikiita majani ya hospitali. Leo Laetitia asamehe. Alinunua sombe iliyotwangwa, samaki wakavu, na chupa ya mawese, akashindana na upepo mpaka kituo cha basi, mfuko mkono mmoja, mkono wa pili mgongoni.

Alimkuta mzee amekwisha kuifungua bunduki. Vipande vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, kila kimoja mahali pake. Mikono iliyoshindwa kufunga vifungo vya shati, kazi hii iliifanya bila kusita.

Mathilde akampa kitubu. Papa Élisée akakamua tone, akalisugua, akalinusa, akalitazama, na safari hii uso wake haukukunjamana.

"Hii," akasema. "Hii njo yenyewe."

Mathilde alikaa kitini. Hakuwa amekaa tangu asubuhi. "Merci Seigneur," akasema, na machozi yakamlengalenga kwa sababu ya tone la grisi.

"Alors, paka, papa. Paka tumalize. Panapoteleza. Pistoni uache kavu."

Mzee akapaka. Alipaka kidogo kidogo, kwa kidole, kila mfereji, akarudishia vipande kimoja baada ya kingine, hata bunduki ikawa nzima tena mapajani mwake. Kisha akavuta kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma, ambacho yeye alikiita culasse, akakiachia. Kikaruka mbele kwa mlio mmoja mkali, safi.

Mathilde aliruka kitini, mgongo na yote. Mzee hakumwona. Aliitazama bunduki. Akavuta tena, taratibu zaidi, ikarudi vilevile, laini, haina kinyongo na mtu. Akaiweka mezani. Akachukua kitambaa, akaanza kuifungua upya na kuifuta.

"Unafanya nini?"

"Hapana, maman Mathilde. Hapana."

"Hapana nini? Umesema njo yenyewe!"

"Iko muzuri sana. Bunduki iko na grisi hii haiwezi kukataa kitu."

Hapo Mathilde akachemka. Alisimama, na maneno aliyoyawekea akiba wiki nzima yakamtoka yote.

"Papa, unanichokesha! Unasikia? Nimechoka mpaka ku mifupa! Muzuri unakataa, mubaya unakataa, njo unataka nini? Nimeingia mu duka ya bunduki juu yako, miye, muke ya Héritier! Kesho bakitoa ile chambre kwa mwingine, ni nani atakubeba? Ni Laetitia? Ni huyu mugongo yangu? Sema kama hautaki kwenda, sema tu, tujue!"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nataka kwenda," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuona vile unatembeaka. Nataka kwenda."

Mathilde alijiona mbaya, na kujiona mbaya kukamwongezea hasira. Akachukua mfuko wake akaingia jikoni. Akateleka sombe kwa kishindo. Alipoitoa chupa ya mawese ilikuwa imeganda nusu yake, baridi ya barabarani ilikuwa imeifanya nzito na ya rangi ya machungwa, kama ilivyo kawaida ya mawese katika nchi hii. Kila nyumba ya Mkongomani hapa hujua dawa yake. Jikoni hakukuwa na radieta. Akarudi sebuleni bila kumtazama mzee, akaisimamisha chupa juu ya radieta, pembeni ya kiti chake, ili iyeyuke.

Alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia anaitwa.

"Maman Mathilde. Ile ni nini?"

"Ni mawese. Juu ya sombe. Usimwambie Laetitia."

"Lete."

Akampa. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaiinamisha. Mafuta yaliyoyeyuka yalisogea kidogo juu, yaliyoganda yakabaki palepale chini, hayasogei. Akaiinamisha tena upande wa pili. Hayakusogea. Mathilde aliona kidevu cha mzee kinatetemeka, akadhani ni moyo, akamkimbilia.

"Papa? Unaumwa wapi?"

"Hapana, siumwe. Ikala."

Mathilde akaketi. Na Papa Élisée, chupa mkononi, akaeleza.

"Nilikuwa na dix-neuf ans, miaka kumi na tisa. Mutoto wa Uvira. Kwetu ku ziwa kuko joto, mawese haigandake hata siku moja. Miye nilijua mawese ni maji, basi. Bon. Ku kambi grisi iliisha. Sergent akasema kila muntu ajitafutie. Batoto ba milima bakaenda kuomba mafuta ya machine ya kushona ku mission, juu bo balijua. Miye nikapaka mawese. Kila pahali. Bunduki ikang'ara sawa bibi-arusi."

"Kiisha?"

"Kiisha bakatupandisha juu kabisa, milimani. Asubui, ukungu, baridi ya kukata masikio. Kulikuwa soko. Bamaman balikataa kulipa kodi, balikaa chini, bote, na mizigo yabo. Tukawekwa mustari. Commandant akasema, feu, mupige."

Aliigeuza chupa mkononi. Jikoni sombe ilianza kuchemka.

"Mbele yangu kulikuwa maman moja na kitunga ya poireaux, ile vitunguu ya majani. Nikavuta culasse, juu ipeleke risasi mbele. Ikaenda mpaka katikati, ikasimama. Nikasukuma, nikapiga na mukono, haina kitu. Ilikuwa imeganda sawa hii." Akaigonga chupa kwa ukucha. "Benzangu balikuwa napiga. Miye nilikuwa napigana na culasse. Ule maman akaniangalia. Akasimama, akabeba kitunga yake, akaenda. Polepole, sawa muntu anatoka mu misa."

"Na bengine?"

"Bengine hapana."

Mathilde akageukia vile vipande vya chuma mezani.

"Bakanitia mu cachot, jela ya kambi, juu ya silaha chafu," mzee akaendelea. "Silaha chafu! Miaka yote, kila siku ninaona ule maman na poireaux yake. Sijue jina. Sijue kama alizaa, kama alizeeka. Najua tu alifika kwake. Sasa huku, makopo yote unaleta, ninajua haiko yenyewe, sijue yenyewe ni nini. Laetitia alifukuza mawese mu nyumba, nikasahau hata sura yake. Ni leo nimeiona."

Mathilde alimtazama. Alielewa vizuri sana, na hakupenda alichoelewa. Jean-Pierre alisema kwenye simu kwamba anataka mashine icheze, kwa sababu watoto hupenda kuona chuma kinakwenda na kurudi, na kwamba bunduki zilizokwama anazo tayari za kumtosha. Akija kesho akaivuta ikakwama, ataiacha. Akiiacha, mzee haondoki. Kitubu cha grisi nzuri kilikuwa pale mezani, tayari, na mzee akiambiwa kwa upole huenda angekubali, kwani alikuwa amemwona anavyotembea. Lilikuwa neno moja tu. Mgongo wote ulimwomba aliseme.

Akasimama, akachukua kitambaa kutoka mkononi mwa mzee, akakaa mbele ya meza.

"Nionyeshe pa kupaka."

"Weye? Maman, acha. Najua weye na bunduki..."

"Mikono yako inatetemeka, utamwanga mawese ku tapis, nani atafua? Nionyeshe."

Basi akaigusa. Ilikuwa baridi, nzito kuliko alivyodhani, na kwa kweli ilikuwa chuma tu na mbao. Alimimina mawese kwenye kitambaa, akapaka alipoonyeshwa, mifereji, culasse, chemchemi, na alipofika kwenye pistoni akasita.

"Yule wa duka anasema hii ibakie kavu."

"Yule wa duka hakufika mu soko ile. Paka."

Akapaka. Vidole vyake vyote viligeuka rangi ya machungwa. Walipomaliza na kurudishia vipande, bado mafuta yalikuwa yanatiririka, ndipo mzee akasema lifunguliwe dirisha, Mathilde akaiegemeza bunduki kwenye kibaraza kidogo cha nje, kwenye baridi, imefunikwa taulo majirani wasije wakaita polisi. Wakala sombe wakiwa wamevaa makoti, maana dirisha lilikuwa wazi. Mzee alikula sahani mbili. Hakuitaja hospitali.

Jumamosi Jean-Pierre alifika mapema. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sanduku refu la kubebea bunduki na sauti ya watu wanaozoea kuongea na watoto. Papa Élisée alimngoja amesimama. Hilo lilimgharimu Mathilde kumshika kiuno kwa nyuma, meno ameyauma. Mzee alikuwa amevaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya mkewe, na bunduki, iliyokesha kwenye baridi, ameilaza juu ya viganja vyote viwili.

"Silaha inarudishwa," akasema kwa Kifaransa chake cha kambini. "Imekaguliwa. Iko katika hali inayostahili."

Jean-Pierre akaipokea kwa heshima. Akavuta culasse kama watu wa kazi hiyo wafanyavyo bila hata kufikiri. Ikaenda mpaka katikati, ikasimama. Akasukuma. Akaangalia ndani, akagusa, akaangalia kidole chake chenye rangi ya machungwa, kisha akainua macho kwa Mathilde. Mathilde alimtumbulia macho bila kupepesa.

"Safi kabisa, papa," Jean-Pierre akasema kwa sauti kubwa, kwani mzee alikuwa mzito wa masikio. "Asante sana."

Akaitia sandukuni, akapeana mkono na mzee, akatoka. Mathilde akamkalisha mzee kitini, akamfuata mgeni ngazini kumfungulia mlango wa chini. Basi imekwisha, alikuwa anajiambia kila ngazi. Imekwisha, imekwisha. Mchana gari linakuja, kitanda kinapanda na kushuka chenyewe.

Penye mlango Jean-Pierre akageuka, akapunguza sauti.

"Usijali, madame. Leo hii hii naitumbukiza kwenye petroli, yatoke hayo mafuta yote, halafu naipaka grisi ya kweli. Itacheza kama mpya. Mzee hana haja ya kujua."

Alisema kwa wema. Mathilde aliuona wema wake, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitasa. Ilibaki kuvuta mlango na kusema merci, bonne journée. Angelala usiku mmoja mzima. Akageuka, akaegemea mlango kwa mgongo wake mbovu, akaufunga.

"Basi irudishe juu," akasema.

"Pardon?"

"Kama utaiosha, irudishe juu. Haendi nayo mtu."

"Lakini, madame, ni pambo tu. Na nimeambiwa chumba chake..."

"Najua habari ya chumba kuliko wewe. Mimi ndiye ninayembeba."

Mtu yule akabaki amesimama na sanduku lake, amechanganyikiwa. Mathilde akamweleza palepale, kwenye kijibaraza chembamba penye masanduku ya barua, kwa Kifaransa chake cha haraka: soko la mlimani, maman mwenye poireaux, mafuta yaliyoganda. Alieleza vibaya, akaruka mambo, akarudi nyuma. Akasema: "Ikikwama, ndivyo inavyotakiwa. Waonyeshe watoto inavyokwama." Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema. "Yangu mimi haikukwama. Iliyokuja kwetu haikukwama."

Jean-Pierre hakuuliza ni ipi. Alilitazama sanduku lake, akasema sawa, ibaki hivyohivyo. Akamkubalia mara mbili, akamshika mkono, na rangi ya machungwa ya kidole chake ikamgusa Mathilde mkononi, ambako kulikuwa na rangi ileile tangu jana. Kama atatimiza ahadi, Mathilde hakuweza kujua. Alimtazama usoni akaamua kumwamini, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kufanya jambo jingine.

Akapanda ngazi, akishika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mzee alikuwa amekaa wima kitini, suti yake, mikono mitupu magotini.

"Ameichukua?"

"Ameichukua, papa."

"Vilevile?"

"Vilevile."

Papa Élisée akafumba macho, mabega yakamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mathilde alimwona ni mtu mzee tu aliyechoka, kama yeye. Akaenda kumfungia begi. Shati, soksi, dawa za moyo, picha ya mkewe. Akaingia bafuni kunawa, akasugua vidole kwa sabuni, akasugua kucha kwa brashi, na ile rangi haikutoka.

Akafunga bomba, akabaki amesimama na mikono yake inadondoka maji. Alimfikiria yule aliyebisha hodi mlangoni pao Bukavu. Kwa miaka yote alimfikiria uso, viatu, na sauti. Leo alimfikiria asubuhi ya siku ile, kabla hajatoka kambini, amekaa mahali juani na kitambaa mapajani, anaipaka bunduki yake grisi nzuri, kidogo kidogo, bila kuacha mfereji hata mmoja.